Swali la Saba

3 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu. Hapa tuko salama, yaani mimi na paka, maana ndio tuliobaki. Natumaini wewe na mabinti ni wazima na goti la shemeji limeacha kumsumbua. Karakana inaenda. Wiki hii nimemaliza madawati kumi na mawili ya shule ya msingi, na mwalimu mkuu alikuja kuyakalia moja baada ya jingine kuhakikisha hayayumbi, mtu mzima na tumbo lake. Wifi yako angecheka mpaka alie. Paa la jikoni bado linavuja pale pale lilipokuwa likivuja mlipokuja Oktoba kwenye mazishi yake. Nitalipanda nikipata nafasi.

Usinipigie simu kuhusu ninayokuandikia. Simu iko kwenye droo, imezimwa. Watu walinichosha na pole zao.

Sasa jambo lenyewe. Bila shaka umesikia habari za sheria mpya ya silaha. Kila mwenye bunduki, hata kama leseni yake ni safi kama yangu, aombe upya kabla ya tarehe thelathini Juni. Awe na kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti. Akaguliwe nyumba. Na apate mdhamini, ndugu wa damu asiyeishi naye, wa kujaza fomu na kuapa kwamba mwombaji ana akili timamu. Wewe ndiye ndugu wa damu wa karibu niliyebakiwa naye, kwa hiyo fomu nimeiambatanisha.

Nitakwambia ninavyoiona sheria hii. Mwaka jana majambazi walivamia watu mjini kwa bunduki za magendo. Wabunge wakakaa, wakapiga meza, kisha wakaja kumkaba koo seremala mwenye bunduki moja ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake. Jambazi hajazi fomu. Mimi ndiye ninayejaza, kwa hiyo mimi ndiye wanayemwona. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa na leseni, sijamtishia mtu hata kwa utani, na silaha imetumika kwa nguruwe pori walioingia mihogoni na kwa kanga wachache wa kitoweo. Leo nadhaminiwa kama mtoto anayeazima kitabu.

Fomu ina maswali tisa. Mengi ni ya kawaida. La saba ndilo lililonichefua: "Kwa kadiri unavyojua, je, mwombaji amewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtu mwingine?" Ndivyo wanavyomuuliza dada kuhusu kaka yake. Andika Hapana, weka saini, urudishe.

Wasalimie mabinti. Waambie viti vyao vidogo vimekauka rangi.

Ni mimi kaka yako,
Randa


26 Februari

Kaka Randa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, zamu zimetuandama. Sisi hatujambo. Goti la shemeji yako linampangia siku za kwenda kazini na siku za kulala. Binti mkubwa ameanza kidato cha kwanza na sasa anatusahihisha Kiswahili mezani. Mdogo anaulizia viti kila siku, umejitia matatani mwenyewe.

Wewe unakula nini? Usiniambie chai na mkate. Na hilo paa, mbona fundi mzima analala chini ya matone?

Fomu imefika. Nimeisoma yote.

Kaka, mimi sibishani nawe kuhusu wabunge. Wapigie kelele, wanastahili. Lakini wewe unaiona sheria ukiwa karakana, mimi naiona nikiwa chumba cha upasuaji. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa wa kumpa daktari vifaa. Waliojeruhiwa na majambazi nimewaona, siwezi kusema sijawaona. Ila wengi walioletwa kwetu na risasi mwilini walitoka majumbani. Ni mume, ni shemeji, ni mtu aliyekuwa peke yake mchana na hakuna aliyejua alikuwa anawaza nini. Na mara nyingi polisi wakija kuandika, bunduki ina leseni, safi kama yako. Hao ndugu zao wanakaa kwenye benchi letu la kijani pale nje na wote wanasema maneno yale yale, kwamba hawakujua.

Unajua kabla daktari hajashona huwa tunahesabu vifaa kwa sauti, kimoja kimoja, ili kisibaki kitu ndani ya mgonjwa. Kila nikihesabu namsikia baba na lile sanduku lake la bunduki. Alikuwa halifungi mpaka sisi wawili tuseme. Mitutu? Ipo. Kitako? Kipo. Kishikio? Kipo. Hapo ndipo alipozungusha ufunguo.

Je, bado unalifungua kila Jumamosi kuisafisha bunduki?

Mdogo wako,
Chiriku


14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, paka ni mzima, nakula wali na maharage na siku nyingine nakula maharage na wali. Viti nimempa dereva wa lori la mbao, mtavipata mwisho wa mwezi. Kile chenye mgongo wa mviringo ni cha mdogo, wasigombane.

Ulinihubiria vizuri, na sikatai uliyoyaona. Lakini hukusema kama umejaza.

Jumamosi iliyopita mbunge alikuja kutueleza sheria katika ukumbi wa shule, sisi tumekalia madawati yangu. Alikuja na walinzi wawili, kila mmoja na bastola kiunoni. Nikasimama. Nikamuuliza, mheshimiwa, hao wawili wamedhaminiwa na dada zao? Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, hata yeye alicheka, meno nje, macho hayacheki. Kisha akasema serikali inawapenda wananchi wake. Nikamwambia kupenda si kupekua. Mtu akikwambia miaka yote kwamba wewe ni raia mwema halafu siku moja aanze kukuuliza kama una wazimu, huyo amekosa imani nawe, na bora aseme hivyo hivyo. Watu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nimejaa kifua, nikafungua mlango nimsimulie wifi yako. Basi.

Unauliza kuhusu sanduku. Ndiyo, kila Jumamosi nikishafunga karakana. Natandika gunia mezani, natia mafuta, nahesabu kama alivyotufundisha mzee. Mitutu ipo, kitako kipo, kishikio kipo. Vipande vyote vitatu. Umeridhika?

Nasubiri fomu.

Randa


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu na najua umenuna, nakuona kabisa unavyogonga misumari kwa hasira. Viti vimefika. Mdogo hataki kukalia kingine, hata kuoga anataka akalie hicho. Tunakushukuru sana.

Habari za huku ni kwamba shemeji yako amefanyiwa picha ya goti na hakuna la kutisha. Mimi wamenipa usimamizi wa zamu, maana yake ni kazi ileile na lawama juu.

Mstari wako kuhusu Jumamosi na vipande vitatu nimeusoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Nilianza barua tatu kukujibu, nikazichana.

Njoo ukae nasi, Kaka. Hata wiki mbili. Funga karakana, paka mwachie jirani. Nataka nikuone uso kwa uso. Kuna mambo siwezi kuyaweka kwenye karatasi, na fomu siwezi kuijaza kwa haraka kana kwamba nasaini kupokea kifurushi. Ni jina langu litakaloandikwa chini pale.

Tafadhali washa simu.

Chiriku


20 Mei

Dada,

Nimepokea barua yako. Ni mzima.

Siwezi kuja. Nina milango minane ya zahanati ya kumaliza. Kabati la chuma nimeshalifunga ukutani, nimelipigia boliti nne wakati sheria inataka mbili, wasije wakanitafutia visa. Mkaguzi atakuja tarehe ishirini na nne Juni.

Miezi mitatu na nusu sasa unajitia hamnazo. Kama hutaki kusaini sema hutaki. Nitampelekea binamu yetu dereva, yeye ni wa damu pia, na ni mtu anayeweza kusaini hata karatasi ya kujiuza mwenyewe mradi usimcheleweshe safari.

Bunduki ile ni ya baba. Sitaki iende kuyeyushwa kwa sababu dada yangu aliona haya kuandika neno moja.

Nirudishie fomu, iliyojazwa au tupu.

Kaka yako


1 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu, na shemeji yako pia.

Nakurudishia fomu. Nimejaza maswali manane. La saba nimeliacha wazi, na sasa nitakwambia kwa nini.

Kishikio cha bunduki ya baba kiko kwangu.

Nilikichukua mimi. Ilikuwa siku ya tano baada ya mazishi, asubuhi ile niliyosafiri. Wewe na majirani mlikuwa mnapakia viti vya kuazima. Nilikwenda chumbani, nikatoa ufunguo kwenye kopo la misumari ya inchi mbili ambamo baba alikuwa akiuficha na wewe unauficha, nikafungua sanduku. Najua bila kile kipande cha mti chini ya mitutu bunduki haiungani, baba alitufundisha sote wawili. Nikakiviringisha ndani ya sweta, nikafunga sanduku, nikaja kukuaga. Ulinishika begani ukasema safari njema.

Sababu ni hii. Siku moja kabla, nilikuona unampa fundi jirani randa yako kubwa, ile uliyoinunua kwa kazi yako ya kwanza, iliyokufanya uitwe jina hilo. Akakataa. Ukamwambia, chukua tu, mimi sitaihitaji. Ulisema kwa upole sana, ukaenda kunawa mikono. Mimi nimekaa na ndugu wa wagonjwa kwenye lile benchi. Wengi wananisimulia kwamba alianza kugawa vitu vyake, nao wakadhani ni ukarimu.

Tangu Oktoba kipande hicho kiko kabatini chini ya sare zangu za kazi. Na tangu Oktoba sina amani, kwa sababu najua nilichokuchukulia ni mti na chuma kidogo, na wewe ni seremala.

Halafu ukaniandikia kwamba kila Jumamosi unahesabu na kishikio kipo. Kwa hiyo ama hujalifungua sanduku tangu wifi afariki, na unanidanganya tu kwa kiburi, ama umelifungua na umechonga kingine. Nimeogopa kukuuliza ni lipi. Nimeogopa miezi minane.

"Hapana" siwezi kuandika. "Ndiyo" sina haki ya kuandika bila wewe. Na ukimpelekea binamu akaijaza, mimi mwenyewe nitampigia simu mkuu wa kituo chenu cha polisi, unichukie hadi siku yangu ya mwisho. Afadhali nichukiwe na kaka aliye hai.

Dada yako


29 Juni

Chiriku,

Leo salamu zitangoja.

Kwanza nikujibu. Si la kwanza wala si la pili. Ni jambo la tatu ambalo hukulifikiria, pamoja na akili zako zote.

Sanduku nililifungua siku ya nane baada ya wewe kuondoka. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, karakana nimefunga mapema na wateja nimewaambia naumwa. Unajua nililifungulia nini, huna haja ya kuandikiwa. Nikainua kifuniko, nikaona nafasi ya mitutu ina mitutu, nafasi ya kitako ina kitako, na ile nafasi ndogo niliyoichonga mimi mwenyewe mzee alipotaka sanduku jipya ni tupu, imebaki kitambaa chekundu tu. Kwanza nikadhani nimeibiwa. Nikakasirika, nikainuka niende polisi, na nilipofika mlangoni ndipo akili ikanijia. Hakuna mwizi anayechukua kishikio akaacha bunduki. Hakuna mwingine anayejua lile kopo.

Nilirudi nikakaa sakafuni. Nililia, dada, jinsi ambavyo sikulia mazishini. Paka akaja akajikunja ndani ya sanduku, kwenye kitambaa, nikashindwa kumtoa. Siku hiyo ikapita hivyo.

Sasa sikiliza lililo baya. Novemba nilianza kuchonga kishikio kingine. Nilichagua ubao mzuri wa mkangazi, nikaupima kwenye ile nafasi tupu. Sikukaa nikakimaliza, ingawa ni kazi ya siku mbili kwangu. Nilikuwa nakishika siku zikiwa mbaya. Nachonga kidogo tu kwa patasi, nakirudisha juu ya rafu nyuma ya makopo ya gundi, naendelea na madawati. Nilipokuandikia Machi kwamba kipo, kilikuwa nusu. Barua yako ya Juni imenikuta kimebaki chuma chake na msasa.

Na ile miezi yote nikawa nakuandikia habari za wabunge. Nilisema kweli, usidhani nilikuwa naigiza. Bado naiona ni sheria ya watu wa mjini iliyoandikwa na wanaolindwa kwa bastola. Bado naamini jambazi anaicheka. Nitamsimamia tena yule mbunge akirudi. Lakini nilikuwa napigana na swali la saba peke yake, hayo mengine manane yalikuwa kelele, na wewe ulilijua hilo tangu mwanzo.

Nikwambie kitu kingine, na usiumie. Siku ya mazishi nyumba ilijaa mpaka watu wakasimama nje. Wote waliniambia pole, waliniambia jikaze, mwanamume halii. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Fundi jirani aliipokea randa hakuniuliza. Na wewe, mdogo wangu, uliyeona, uliyejua, ulichukua kishikio ukapanda basi, hukuniuliza. Uliokoa maisha yangu kama mtu anayeiba. Aliyeniuliza kwanza ni karatasi ya serikali niliyoitukana.

Tarehe ishirini na mbili, siku mbili kabla ya mkaguzi, nilibeba sanduku mpaka kituoni. Afisa wa silaha ni mwanamke wa umri wako, mkali, ana miwani anayoivaa juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Akafungua, akaanza kuorodhesha, na mimi mdomo ukaanza wenyewe. Mitutu ipo. Kitako kipo. Akauliza, na hapa pana nini? Nikamwambia, kishikio kiko kwa dada yangu, alikitoa ili nisijiue.

Sijui kama nilipanga kusema hivyo. Akaweka kalamu chini. Akainuka akafunga mlango, akaniambia, "Kaa, mzee." Nilikaa saa nzima. Hakuniambia nijikaze.

Fomu yako aliitaka kwa ajili ya jalada. Swali la saba nilikuwa nimeshalijaza nikiwa karakana kwa penseli ya useremala. Akaniambia penseli hairuhusiwi, akanipa kalamu ya wino, na nikarudia juu yake herufi kwa herufi mbele yake. Ndiyo. Neno fupi, lakini nililiandika mara mbili. Chini pale ni jina lako kama mdhamini, na kando yake amegonga mhuri kwamba silaha imesalimishwa. Bunduki ya mzee imeondoka. Nilitembea kurudi nyumbani mikono mitupu na nilimwona baba kila kona, sitakudanganya kwamba nilijisikia mwepesi.

Zahanati, ile ya milango yangu, ina daktari wa mambo haya siku za Alhamisi. Nimekwenda mara moja. Mlango wake unakwama kidogo chini, nitaurekebisha. Alhamisi ijayo nakwenda tena. Randa nimeirudisha pia, nilikwenda kuiomba nikiwa na aibu, na fundi jirani akaitoa imefungwa kwenye gazeti lile lile la Oktoba. Hakuwahi kuitumia. Alisema alikuwa ananisubiri.

Na paa nimelipanda.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kile kipande cha mkangazi. Kiweke na kile cha mzee, chini ya sare zako. Ni kazi nzuri, utaona, na hakifai kukaa kwa seremala.

Salamu sasa. Msalimie shemeji na goti lake, na mabinti, na waambie mjomba wao anakuja likizo ya Agosti, paka nimeshamtafutia pa kukaa. Simu nimeitoa kwenye droo. Nipigie Jumapili asubuhi. Nikipokea usianze na habari za nyumbani. Niulize kwanza swali la saba, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nitakujibu.

Kaka yako,
Randa